Kiapo Kilichokatwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na kaka yangu tulikuwa na studio ya video pale Ukunda. Yeye alipiga video za harusi upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake, na ndiyo maana tuliitwa kuanzia Diani hadi Msambweni. Wanawake wakishavua mabuibui hawataki jicho la mwanamume, hata kupitia kwenye televisheni. Kwa hiyo tulikubaliana: kanda za wanawake nitazihariri mimi mwenyewe, mlango umefungwa, na kaka hatazigusa.

Kwenye harusi moja ya Msambweni, shangazi yake bi harusi alinizuia mlangoni, kamera yangu ikiwa tayari inachukua. Mama mtu mzima, mjane, kichwa wazi, leso kaifunga kiunoni tayari kwa ngoma ya chakacha.

"Mwanangu, hii haitaonwa na wanaume?"

"Wallahi, shangazi, haitaonwa."

Akacheka, akaingia kati. Lo, mama yule alijua kucheza!

Wiki iliyofuata nilifungua kompyuta nianze kazi, nikakuta kanda yangu imeshaingizwa na imeshahaririwa. Ala! Na nani tena? Programu yetu ilikuwa na vidirisha viwili: kushoto picha kama ilivyopigwa, kulia kama ilivyokatwa. Nikaviacha vyote viwili viende pamoja.

Kushoto, shangazi yuko mlangoni ananiuliza, na sauti yangu inaapa. Kulia, mlango haupo. Picha inaanzia kwenye leso ya kiunoni, inapanda hadi usoni, na ngoma ya kubandikwa inalia juu yake. Nikarudisha nyuma mara tatu, nikidhani nimekosea kubonyeza. Kila mara, kushoto mimi naapa, kulia shangazi anacheza. Mwisho wake yakatokea maandishi makubwa ya kuwakaribisha wageni kwenye hoteli moja ya Diani.

Nikamwita kaka. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, hana hata haya.

"Wazungu wanataka utamaduni, dada. Tena maneno yote nimeyatoa, hakuna atakayejua ni nani."

"Na uso wake umeutoa?"

Akapuliza chai.

"Kanda iko wapi?"

"Nimeshawapelekea. Inaonyeshwa pale mapokezi tangu juzi."

Ndugu yangu wa tumbo moja! Nilimwachia ufunguo wa kabati la kanda kwa kuwa ni kaka yangu, sikuwaza mara mbili. Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kuyarudia, na hasira ile mpaka leo haijapoa. Hotelini walinirudishia kanda bila ubishi. Lakini vijana wengi wa Msambweni walikuwa wakifanya kazi pale, na aliyekaa mapokezi alikuwa mtoto wa kiume wa shangazi yule.

Nikaenda kwa shangazi siku hiyohiyo, asije akaambiwa na mtu mwingine. Nilimkuta sebuleni anachana nywele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea harusi yetu?"

Nikamweleza yote, sikumficha neno. Nikasema ni kaka, si mimi.

"Aliyeniapia ni kaka yako?"

Hakunitukana, wala hakulia. Aliuvuta mtandio uliokuwa begani, akajifunika kichwa, akauzungusha hadi chini ya kidevu, vile wanawake wanavyojifunika anapopiga hodi mwanamume. Kisha akanikaribisha chai.