Ufunguo wa Bomba la Mtaa Wetu

Iko siku moja ya kiangazi, mwanangu, nimejaribu kuisahau ikakataa. Siku hiyo niliufungia msiba maji. Nakusimulia leo kwa sababu jana nimekuona na kitambulisho kipya cha kazi shingoni, unatembea kifua mbele, nikajiona mimi mwenyewe.

Nilizaliwa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita na familia sita. Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, mji huu ulikuwa na tabaka zake waziwazi: Wazungu kule ufukweni penye upepo, Wahindi katikati penye maduka na ghorofa, na sisi Uswahilini, tumebanana. Mtaa mzima tulikuwa na bomba moja. Lilifunguliwa alfajiri, likafungwa saa nne asubuhi, likafunguliwa tena alasiri. Wanawake walipanga madebe yao mapema, debe likimshikia mtu nafasi yake, na hapakuwa na mtu wa kusogeza debe la mwenziwe.

Kwanza nilifanya kazi ya bustani Uzunguni. Kutwa nilishika mpira nikimwagilia majani, majani yasiyoliwa hata na mbuzi! Maji yalifurika mpaka barabarani, nami nikaruka dimbwi nikaendelea. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa na njaa yangu tumboni na bado sikuona neno. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Baadaye nikapewa kazi ya kufungua na kufunga bomba la mtaa wetu. Nikavaa shati la kaki, nikakabidhiwa ufunguo. Fundi Mshamu, mshona viatu wa barazani kwetu, alinishonea mkanda wa ngozi wa kuning'inizia ule ufunguo, akakataa malipo. "Vaa, mwanangu," aliniambia. "Tumefurahi bomba kushikwa na mtoto wetu." Ah! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezi haukuisha, nikaanza kuwafokea mama zangu kwenye foleni.

Basi siku hiyo saa nne ilipofika nikafunga. Sijafika hata kona, nikamwona Bi Mwanaidi, dada yake Fundi Mshamu, anakuja na madebe mawili, miguu mitupu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mwanangu, kaka yangu ametutoka asubuhi hii. Muosha yuko ndani, anasubiri maji."

"Pole sana, Bi. Lakini saa imeshapita. Msimamizi akinikuta nimefungua, kazi sina."

"Ni maiti, mwanangu."

"Amri si yangu, Bi."

Akautazama mkanda kiunoni mwangu. Alijua nani aliyeushona. Akayainua madebe yake matupu akarudi. Na huyo msimamizi niliyemwogopa, na baiskeli yake, wala hakupita siku hiyo.

Adhuhuri nilirudi nyumbani kiu imenishika. Nikakuta mtungi umefudikizwa. Mama alikuwa anajifunga kanga ya kurudia msibani.

"Maji yako wapi, mama?"

"Ndiyo aliyooshewa Fundi Mshamu."

Nyumba kwa nyumba watu walikuwa wametoa maji yao ya kunywa, huyu birika, yule sufuria, mwingine kata moja tu aliyobaki nayo. Watoto wa mtaa mzima walishinda na kiu katika jua lile mpaka alasiri, nilipofungua bomba. Mama zao wakapanga foleni mbele yangu, na hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana.

Jioni ile tulipotoka makaburini, Mzee Kombo, yule muosha, akanishika mkono kando.

"Kule Uzunguni ulikuwa ukimwagilia nini?"

"Majani, Mzee."

"Yalikuwa yakingoja saa?"

"Hayakungoja, Mzee."

"Dada wa marehemu aliniuliza kama tumtayamamishe, tumpanguse vumbi badala ya kumwosha. Vumbi! Mji una maji ya kuogesha majani, na bomba liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Aliyepanga maji yetu yawe ya saa, mwanangu, mimi sijapata kumwona. Leo Mwanaidi amemwona. Ana uso wako."

Nililia, sikuficha. Tangu siku hiyo mwenye msiba, mwenye mzazi aliyejifungua, mwenye mgonjwa, alibisha kwetu saa yoyote nikafungua. Haikuchukua muda msimamizi akanikuta, akaninyang'anya ufunguo, akanifukuza mbele ya foleni. Bi Mwanaidi alikuwepo. Alinitwika debe lake la maji akaniambia, "Mpelekee mama yako." Mkanda ninao hadi leo, huo hapo msumarini.

Sasa ghorofa zimejaa mpaka Kariakoo kwenyewe, na bado kuna mtaa unaochota kwa ndoo na jumba lenye bwawa la kuogelea. Hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe. Lakini sikiliza: dhuluma ya mji haina mikono yake. Huazima yetu. Humpa mtoto wa maskini shati, ufunguo na saa ya kufunga, kisha yenyewe ikakaa penye upepo. Mwanangu, kazi yako ifanye, wala usiibe. Ila anapokujia mtu na debe tupu, usimwambie amri si yako. Mkono unaofunga ni wako. Na ukifukuzwa kwa kufungua, njoo nyumbani, hutalala njaa mimi nikiwa hai.

Nenda. Mungu akupe riziki isiyomkausha jirani, na siku yako ikifika, uoshwe kwa maji mengi, na wanaokupenda.