Shemeji alivyovua rangi gobori la babu kwa moto wa makuti

Wakuu, amani kwenu.

Ninayoandika sijayatia chumvi hata punje. Asiyeamini afike Shela aulize lile tangi la maji lilitobokaje.

Mamangu alikuwa na gobori la babake, ile bunduki ya kale ya kujazwa baruti mdomoni. Lilikaa ukutani kwetu Wiyoni tangu sijazaliwa. Nyumba na shamba waligawana kaka zake, yeye akabaki na hilo tu.

(Wale wa "lina leseni?" tulieni, mtafika.)

Sasa nina shemeji, mume wa dadangu. Tumwite Bwana Najua, maana hakuna kazi duniani asiyoijua. Anasimamia gesti Shela.

Mama alipokwenda Kipungani kumuuguza dadake, huyu jamaa akalitungua gobori, akalipeleka gesti, akalipaka rangi ya dhahabu. Rangi ya mashua, wakuu! Mtutu, mti, mpaka zile pete za fedha. Eti wageni wapate kitu cha kupiga nacho selfie.

Mtu akamrushia mama picha WhatsApp. Mama si mtu wa kelele. Alimpigia simu, akamwambia: "Kesho narudi. Nilikute kama nilivyoliwata."

Jamaa jasho likamtoka. Akaniita, maana mimi ni seremala. Nikamwambia tununue dawa ya kuvua rangi, tupake, ilainike, tukwangue polepole, mti tuusugue kwa msasa laini, tumalizie na mafuta. Kazi ya kutwa, lakini itatoka.

Akacheka! "Wewe shughuli yako vitanda. Rangi ya mashua dawa yake moto."

Kwa ndugu zetu wa bara: hapa mashua ikipandishwa mtangani hupitishiwa moto wa makuti ubavuni, rangi ikavimba, ikakwanguliwa. Kwa mashua ni sawa kabisa.

Nikamwambia mti utaungua. Akasema nisimtie nuksi. Akalilaza gobori juu ya mawe uani, akawasha makuti. Mimi nikasimama mlangoni nimekunja mikono, nangoja aunguze nimcheke.

Rangi ikaanza kuvimba kweli. Akanigeukia, "Umeona, bwana mbao?"

PUU!

Wallahi masikio yaliziba. Tangi likatoboka upande huu na upande wa pili. Mgeni mmoja akatoka bafuni mbio na povu kichwani. Bwana Najua yuko kifudifudi kando ya banda la kuku, anasoma shahada. Hata unywele haukuguswa. Wapumbavu wana bahati yao.

Polisi wakaja. Wakauliza nani kafyatua. Yule mjuzi wa kila kitu akajibu, "Hata mimi sijui, afande." Wakaondoka na gobori, rangi imebabuka nusu, mti umekuwa mkaa.

Mama alifika kesho yake. Tukamweleza. Akakaa kitako.

"Mngeniuliza," akasema. "Baba ndiye aliyekuwa akilipiga kuujulisha mtaa mwezi wa Idi ukiandama. Mwaka wake wa mwisho alilijaza baruti na risasi, akangoja, mwezi haukuonekana. Alfajiri akafa. Sikutaka mtu mwengine aupige ule mlio wake."

Hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

Halafu akaniuliza mimi, "Lililia sana?"

Nikamwambia Shela nzima ilisikia. Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaingia ndani.

Basi, wakuu, silaha ya kale usiiguse, hata ikiwa na kutu ya karne. Waite wenye idhini waichungulie kwanza. Na kabla ya hapo muulize mwenye kitu chake, ana mdomo na masikio. Kuuliza si ujinga, lakini nendeni mkamwambie Bwana Najua.

Nyie wajuaji wa namna hii kwenu mnawafanyaje? Semeni, nimeshindwa.

Msumari uko pale pale ukutani, mtupu. Shemeji amejitolea kuupaka rangi.