Mvua ya Jumatano na Bosi wa Mama

Ilianza Jumatano, saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilipiga bati mpaka mama akaweka simu spika ili amsikie bosi wake. Mama ni mpishi kwenye gesti ya huyo mzee kule Mikumi, na kila siku anatoka hapa Kilosa na basi la kwanza.

"Wageni wanywe chai ya nani? Kama huji leo, usije tena."

"Mzee, maji yamepita juu ya barabara."

"Kwani wewe chumvi, utayeyuka?"

Mama akavaa raba, akavua, akavaa tena. Kazi ile ndiyo inatulisha. Mimi siongeagi sana, lakini nilimshika kanga nikamwambia, "Ukisombwa na maji, nabaki na nani?" Akakaa kitandani, akazivua.

Saa nne tukasikia barabara imekatika. Jioni bosi akatuma meseji kwamba amepata mpishi mwingine. Na siku nzima yeye alikuwa kwake, mtaa wetu huu huu, gari limelala uani! Nililala namwombea mabaya.

Asubuhi bosi akapita bombani nikichota maji, wanawake wamejaa na ndoo zao. Akasimama mbele yangu kungoja shikamoo, maana hapa kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa anasemwa mtaa mzima. Nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti, "Mambo vipi?" kana kwamba tunasoma darasa moja. Nyuma yangu mtu akaangua kicheko. Nikajitwisha ndoo yangu, nikaondoka.