Mkoba wa Mwalimu Odongo

Nta ya nyuki ikipashwa moto hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, ina asali na maua makavu ndani yake. Ya pili huja baadaye, nta inapokaribia kuungua. Ni nzito, ina moshi, na hukaa kooni. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi katika chumba cha kujalidi vitabu, nikingojea kitabu changu cha zamani kishonwe upya mgongo, fundi alipoweka kikopo cha nta juu ya jiko la umeme akakisahau. Harufu ya kwanza ilinifurahisha. Ya pili iliponifikia, nilijikuta nimesimama, macho yangu yakiutazama mlango. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba siumwi, kwa kuwa jibu la kweli lingekuwa refu, na sikuwa nimewahi kumpa mtu yeyote. Nitakupa wewe, msomaji wangu, kwa utaratibu.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo hospitalini, kule juu Mulago. Siku nzima alihesabu bandeji na chupa, na jioni alirudi nyumbani kwetu Kasubi, akavua viatu, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akaketi chini ukumbini na kukunjua gunia lililohifadhi vifaa vyake: kisu chenye makali ya mviringo, nyundo ya mti, maharazi ya kutobolea ngozi, sindano mbili na donge la nta. Ngozi aliipata kwa washona viatu wa soko la Owino, vile vipande ambavyo wao waliviona havitoshi kiatu. Kwa vipande hivyo alitengeneza mikanda, vikoba vya fedha, ala za visu na majalada ya misahafu. Hakuuza hata kimoja. Imamu alikuwa na mkanda wake, mkunga wa mtaa alikuwa na mfuko wake, na jirani mmoja alipewa kikoba kilichokaza kiasi kwamba alilazimika kuja kwetu kufunguliwa. Mama alikuwa akisema kwamba yeye peke yake katika Kampala nzima ndiye aliyeolewa na mwanamume mwenye harufu ya punda na asiye na punda.

Alishona kwa sindano mbili, kila moja ikiingia tundu lile lile kutoka upande wake, zikipishana humo kama wageni wawili wenye adabu mlangoni. Mimi nilimshikia nta, na nilipotimiza umri wa kuaminiwa, akaniruhusu kutoboa. Alinifundisha kwamba maharazi hayakimbizwi. Nguo ikitobolewa kimakosa, alisema, nyuzi zake husogea zikakusamehe. Ngozi haisamehi, na tundu lake ni la milele. Tena alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote: kila kitu alikishona chote isipokuwa mshono wa mwisho. Huo aliuacha wazi, uzi ukining'inia, mpaka mwenye kupewa aje mwenyewe, aketi mbele yake na kuuvuta kwa mkono wake. Bila hivyo, alisema, kitu hakijui ni cha nani.

Kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza kilikuwa mkoba wa Mwalimu Odongo, rafiki yake, aliyefundisha jiografia katika shule ya sekondari. Ulikuwa wa rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, wenye mkanda mpana wa begani ulioshonwa juu ya pete mbili za shaba. Pembeni mwa kifuniko chake kulikuwa na tundu moja lisilo na kazi, kwani mkono wangu uliteleza. Nililia. Mwalimu Odongo alilitazama lile tundu kwa makini, akasema kwamba ramani yoyote ya kweli lazima iwe na mji mmoja usiojulikana, na kwamba mji huo ataupa jina langu, Zaituni. Kisha akauvuta uzi wa mwisho.

Sasa nikueleze kwa upole mambo ambayo wakati ule hayakusemwa hata kwa upole. Utawala ulikuwa wa wanajeshi. Mwalimu Odongo alikuwa mtu wa Lira, kule kaskazini, na watu wa huko walikuwa wakitafutwa. Siku moja alikwenda kazini na mkoba wake begani, na hakurudi. Mtaani hapakuwa na neno la jambo hilo. Watu walisema tu, "fulani hakurudi," wakabadilisha mazungumzo. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani, na kwa sababu hiyo tulidhaniwa kuwa watu wa serikali. Majirani walitusalimu kwa heshima iliyopita kiasi, heshima ambayo ndani yake mna woga. Baba aliamua kuutumia woga huo kwa jambo moja la maana. Alimhamishia mke wa Mwalimu, Mama Akello, pamoja na watoto wake, katika chumba nyuma ya nyumba ya jirani yetu, Mnubi mwenzetu, akamwambia kwamba hakuna atakayemtafuta mtu wa Lira uani kwa Wanubi.

Kwa majuma kadhaa ilikuwa kweli. Mama Akello alikuwa akija jikoni kwetu kusaga ufuta, ambao sisi tuliuita simsim, kwa kuwa tulikuwa na jiwe zuri la kusagia. Jiko lilikuwa kibanda cha uani, kimetenganishwa na ukumbi kwa mlango mmoja wenye pazia. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na alipoinama juu ya lile jiwe sauti yake ilijaa nyumba yote: kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mama alikuwa ameshuka Owino. Baba alikuwa ukumbini, nami nimeweka kikopo cha nta juu ya makaa mlangoni, gari liliposimama nje. Watoto wa siku zile tulijua kusikiliza magari. Gari la mtu wa kawaida huzimwa, kisha mlango hufunguliwa. La wale wengine, waliokuja kuchukua watu, mlango ulifunguliwa kwanza. Mwanamume aliyeingia alivaa shati la maua na miwani myeusi. Hakuwa na sare, lakini Baba alisimama na kumwita Afande, naye hakumsahihisha.

"Wewe ndio ile mtu ya ngozi?" aliuliza.

"Ndiye mimi, Afande. Karibu uketi."

Hakuketi. Alitupa kitu juu ya gunia la vifaa. "Hii kamba imekatika. Tengeneza sasa. Mimi nangoja."

Niliuona mji wangu kabla sijauona mkoba. Lile tundu lilikuwa pale pale pembeni mwa kifuniko. Mkanda ulikuwa umeng'oka kwenye pete, ngozi imechanika, nyuzi zimesimama kama nywele. Nilimtazama Baba nikimwomba kwa macho aseme kwamba hajawahi kukiona kitu kile. Baba aliuchukua, akaugeuza taratibu, akatazama vitu vyote vilivyotundikwa ukutani, ambavyo kila kimoja kilikuwa na mshono ule ule.

"Hii kazi ya nani?" aliuliza yule mtu.

"Yangu, Afande."

"Ulipatia nani?"

"Mwalimu mmoja, Odongo."

"Rafiki yako?"

Baba alikuwa ameanza kukata nyuzi zilizochanika. Alisema kwamba yeye huwapa watu wengi, kwamba hata Imamu ana mkanda wake, na polisi wa njia ya Hoima ana ala ya kisu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuhesabu bandeji. Yule mtu akauliza mke wa Odongo yuko wapi. Baba akasema alisikia kwamba walirudi kwao.

"Nasikia, nasikia," alisema yule mtu. "Kampala yote inasikia, hakuna mtu anaona." Kisha akageuza kichwa upande wa pazia. "Nani iko huko nyuma?"

Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mama Akello alikuwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Angeweza wakati wowote kuingia na bakuli mkononi, kama alivyozoea, na kuuona mkoba wa mumewe magotini kwa Baba. Angepiga yowe, na yowe lile lingekuwa jibu la swali aliloulizwa Baba.

"Mke wangu anasaga simsim," alisema Baba. Akainua sauti kidogo bila kuinua macho. "Zaituni, mwambie mama yako aendelee na kazi yake. Mgeni ana haraka, hatakunywa chai."

Kinywa changu kilifunguka. Nilikuwa mtoto mwenye kupenda usahihi, na ulimi wangu tayari ulikuwa umebeba sentensi kamili: Mama amekwenda Owino. Hadi leo sijui ni nini kilichoirudisha sentensi ile kooni. Labda ni mkono wa Baba. Ulikuwa umelishika donge la nta kwa nguvu, na nta ilikuwa ikitokeza katikati ya vidole.

"Naam, Baba," nilisema.

Jikoni, Mama Akello alikuwa amepiga magoti, jiwe la mkononi likienda na kurudi, akinitazama. Nilimwambia, "Baba anasema uendelee, Mama." Sikuongeza Akello, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Aliinama zaidi, na jiwe likaendelea. Nilimshukuru Mungu kwamba pazia lile lilikuwa nene na kwamba hakuuona mkoba.

Niliporudi, nta ilikuwa imeanza kuungua, na ile harufu ya pili ilikuwa imejaa ukumbini. Hakuna aliyenikemea. Baba alishona. Nimewahi kuwaona mafundi wengi wakifanya kazi wakiwa na hofu, na wote huharakisha. Yeye hakuharakisha. Sindano zilipishana kwa adabu yao ile ile, na yule mtu alisimama juu yake akipiga funguo za gari pajani. Mshono ulipobaki mmoja, Baba aliinua kisu ili aumalizie mwenyewe na kukata.

"Ngoja," alisema yule mtu. "Yeye alisema hapa kwako mtu navuta uzi ya mwisho mwenyewe."

Baba akashusha kisu. "Alisema hivyo?"

"Alisema mambo mingi."

"Huo ni wa mwenye mkoba, Afande."

Hapo nilijua kwamba tumekufa. Yule mtu alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida kabisa, mekundu kidogo kwa kukosa usingizi, na jambo hilo lilinitisha kuliko kama yangekuwa ya kutisha. Alicheka bila sauti.

"Mwenye mkoba ndio mimi," alisema, akainama, akashika uzi, akavuta. Aliujaribu mkanda begani, akasema kazi ni nzuri, akatoka. Mlango wa gari ulifungwa. Injini ikawaka, ikapungua, ikapotea upande wa mjini.

Jiwe halikuwa limesita hata mara moja.

Baba aliweka sindano chini, akaenda jikoni, nami nikamfuata nikishika kanzu yake. Ufuta ulikuwa umesagwa ukapita kusagwa. Ulikuwa umegeuka mafuta, yakitiririka kwenye jiwe hadi sakafuni, yakilowesha magoti ya Mama Akello, naye alikuwa bado anasaga. Baba alisema, "Shemeji, ameondoka." Hakuacha. Ikabidi Baba ainame na kuweka mkono wake juu ya jiwe.

Ndipo Mama Akello akauliza, bila machozi, "Mkanda ulikatikia wapi?"

"Kwenye pete," alisema Baba. "Pande zote mbili za mshono. Ngozi yenyewe imechanika."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa salamu, akaomba kitambaa cha kufutia mafuta. Siku iliyofuata Mama alimfunika mtandio wake mwenyewe, akamsindikiza yeye na watoto hadi kwenye basi, wakizungumza Kinubi njia nzima, yaani Mama akizungumza na mwenzake akiitikia. Walifika salama. Mwalimu hakurudi.

Kwa miaka mingi nilikuwa na chuki ndogo juu ya swali lile. Niliona ni ugumu wa moyo: mumewe ametajwa na mtu yule, naye anauliza habari za mkanda. Na kwa miaka hiyo hiyo nilijivuna kimoyomoyo kwamba mimi na lile pazia tulimkinga asijue.

Nilikuwa mtu mzima, nikishona mkoba wangu wa kwanza kwa kujifurahisha, nilipojaribu uimara wake kwa kuuning'iniza na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Haukukatika. Nikamwita mume wangu avute upande mwingine, nasi tukavutana kama watoto mpaka tukacheka, na bado haukukatika. Kicheko kilinikauka. Mkanda ulioshonwa kwa sindano mbili haung'oki kwenye pete kwa kunyakuliwa begani. Hung'oka pale tu mmoja anapovuta kwa nguvu za kuua, na mwingine, ambaye angeweza kuuachia, asiuachie.

Mama Akello alikuwa ameishi na mkoba ule. Alikuwa amesikia kila neno kupitia pazia, jina la mumewe na uzi wake, na mikono yake haikusimama kwa ajili yetu. Alipopata nafasi ya kuuliza swali moja, aliuliza lile ambalo jibu lake lingemweleza mumewe alikuwa mtu gani katika saa ile. Baba, aliyekuwa amezikata nyuzi zile zilizochanika kwa mkono wake, alimjibu kwa usahihi.