Kilemba cha Shangazi wa Mbao

Mtaa wa nyuma ya soko la Kasongo hauna kelele, na bila dirisha la Soraya ungepita pale ukipiga miayo. Soraya anauza vitenge. Nyuma ya kioo chake kikubwa amesimamisha sanamu tatu za mbao alizochongewa na seremala wa Lusangi, na kila Ijumaa asubuhi anazivisha upya na kuzizushia kituko kipya. Wiki moja zinatwanga sombe, majani ya muhogo. Wiki nyingine zinagombania pikipiki moja mbovu. Watu wanazunguka njia makusudi ili wakacheke. Yeye hujifanya anakunja vitambaa, kumbe masikio yote yako nje.

Ni mjane, mwenyeji wa Kabambare, hana mtoto. Mjini hapa mtu wake ni mmoja: Mado, mama mkulima, Mkristo, ambaye kwa miaka kumi na tano amekuwa akiingia dukani kupumzisha miguu kila akitoka shambani. Mado alipoanza kuandaa harusi ya binti yake Benita, alimwomba Soraya aagize kitenge cha familia na akifiche. Maana kitenge hicho huvaliwa na ndugu peke yao, na mtu wa nje hakioni mpaka siku yenyewe.

Soraya alikificha kweli, wiki tatu nzima. Kisha mikono ikamwasha. Ijumaa ile alipanga harusi dirishani: bwana arusi amekodoa macho, bibi arusi amejaa haya, shangazi anacheza. Shangazi alikosa kilemba. Soraya akakata kipande kidogo cha kile kitenge, akijiambia kwamba kilemba hakisemi kitu. Naye ni mwanamke aliyeuza vitambaa maisha yake yote! Wanawake wa Kasongo wanakitambua kitenge kwa pindo lake. Kufikia adhuhuri picha za dirisha zilikuwa zimefika hata kwenye simu za watu wa Wamaza, nje ya mji.

Mado alikuja jioni, hakuketi. Alikitazama kilemba, akamtazama Soraya, akaondoka bila kuaga. Kesho yake alituma watu wachukue kitenge chote.

Soraya alizivua sanamu, akazigeuza uso ukutani. Wiki nzima dirisha lilikaa tupu, naye alikosa hamu hata ya chai. Maneno ya mtaa hakuyaogopa. Aliogopa kwamba Jumamosi ya harusi ngoma zitalia naye atazisikilizia nyumbani kwake. Mara mbili alishika njia ya kwa Mado, mara mbili akarudi.

Siku moja kabla ya harusi Mado aliingia, akaketi mahali pake pa siku zote, akaweka mfuko mapajani.

"Watu wameniuliza," alisema. "Namna gani kikwembe ya familia iko kwa duka ya Soraya?"

"Unisamehe, mama Benita. Nilikosa."

"Ulikosa, ndiyo. Lakini mie niliwajibu: Soraya ni ndugu yangu, ndiyo maana iko nayo. Sasa vaa, usinifanye mutu wa uongo."

Ndani ya mfuko mlikuwa na blauzi na sketi za kitenge kile, zimeshonwa kwa kipimo chake. Soraya alilia waziwazi, wala hakugeuka pembeni.

Jumamosi, mbele ya kanisa, mpiga picha aliita familia ya bibi arusi peke yake. Soraya, kwa mazoea, akaanza kusogea kando. Mado akamshika kiwiko, akamrudisha karibu na Benita. Mpiga picha alitazama kitenge chake, akainua kamera.