Nilipatwa na kiharusi kwenye chungu cha ajono, wenzangu wakanipiga faini

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda.

Mimi nauza vitunguu hapa mpakani. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo msinisahihishe Kiswahili, msahihisheni Okoth. Haya yalinipata mwenyewe, na mkono wa kulia ni shahidi. Ndiyo maana naandika na wa kushoto.

Jumapili moja mchana nimekwenda Tororo kwa shemeji yangu Ouma, kunywa ajono.

Kwa msiojua, ajono ni pombe ya wimbi. Chungu kinakaa katikati, tunakizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Mwenyekiti wa chungu ndiye huyo Okoth. Sheria yake: ukiangusha mrija, unakwenda jikoni kuleta birika la maji moto ya kuongeza chunguni.

Basi mrija ukanitoka mdomoni.

Nikaurudisha. Ukatoka tena, ajono ikachirizika mpaka kwenye shati la kanisa. Mdomo umelala upande mmoja. Nafikiri naongea, kumbe nalia mmm mmm kama ndama.

"Faini!" Okoth akapaza sauti. "Birika!"

Nikasimama, mguu ukakataa. Nikaanguka kwa matako, pwaa! Watu wakacheka mpaka machozi.

Ouma akasema, "Huyu shemeji tangu zamani hana kichwa cha ajono. Mlazeni kivulini, atazinduka."

Wakanilaza. Halafu Ouma akachukua mrija wangu, akawa anakunywa na miwili. MIWILI, wakuu! Nawaona, siwezi hata kutukana. Hiyo iliniuma kuliko ugonjwa.

Jua likazunguka, kivuli kikaniacha. Hakuna aliyenisogeza.

Aliyeniokoa ni kaka yangu mkubwa, Wandera, alipopita kunichukua turudi nyumbani. Wandera ameokoka, hanywi. Alinitazama usoni mara moja tu, akapiga kelele:

"Huu ni mdomo wa Baba!"

Baba yetu alianguka shambani kule Masaba, mdomo umekwenda hivihivi, akafa. Shangazi vilevile. Ukoo mzima tukasema jirani anatuloga, mpaka maskini akahama na kuku zake.

Nikafungwa kwa leso mgongoni mwa Wandera kama mtoto mchanga, boda ikatimua mbio hospitali. Ouma akafuata na nyingine.

Picha ya kichwa ikaonyesha donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Daktari, mama mmoja mpole, akauliza ilianza lini.

"Mchana," Ouma akajibu. "Lakini sisi tulijua amelewa."

"Kuna dawa ya kuyeyusha donge," daktari akasema, "lakini inataka mtu afike mapema. Muda wake umepita."

Ouma akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama mkono wangu.

Siku zilizofuata, ulimi uliporudi kidogo, daktari akauliza habari za Baba na shangazi. Akatueleza kwamba damu ikiganda, mwili una njia yake ya kuyeyusha donge. Ila watu hatuko sawa. Wengine wamerithi jeni zinazofanya kazi hiyo polepole.

"Inawezekana ukoo wenu uko hivyo. Siwezi kuapa, kipimo chake hapa hatuna. Lakini presha napima, na yako ni mbaya. Kaka yako naye apimwe."

"Mimi?" Wandera akaruka. "Mimi sinywi, daktari. Mlevi ni huyu."

Nikakasirika. Kwa huu mdomo nusu nikamwambia, "Kaka, pua ya Baba unayo, kipara cha Baba unacho. Damu yake ulimwachia nani?"

Sista akacheka, akamfunga kipimo mkononi. Akapima. Akarudia. Akaacha kucheka.

Presha ya Wandera ilipita yangu! Mtu hajaonja ajono tangu azaliwe! Wakamlaza kitanda cha jirani na mimi, na Biblia yake.

Sasa kila asubuhi tunameza vidonge pamoja. Mdomo wangu haushiki kikombe vizuri, kwa hivyo nakunywa maji na mrija uleule wa ajono. Okoth aliuleta mwenyewe, eti ndiyo pole.

Nilichojifunza: mwenzako akipinda mdomo ghafla, mkono ukafa, maneno yakapotea, mkimbize hospitali hata kama ananuka pombe. Na kama kwenu wanaanguka mmoja baada ya mwingine, kapimeni presha kabla ya kumfukuza jirani. Wetu bado tunamtafuta tumwombe msamaha.

Walio na ukoo kama wangu waseme hapa wanaishi vipi. Anayetaka kumtetea Okoth pia aseme, ila kwanza anywe chai ya moto kwa nusu mdomo.