Niliacha boy band yetu ya Galu nikaenda solo, kumbe wimbo wetu wenyewe siujui

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa nasoma nyuzi za wenzangu, nacheka peke yangu, kisha naondoka bila kuaga. Leo nipo Isiolo, mvua imesimamisha kazi, na jirani yangu anafanya mazoezi ya kwaya tangu asubuhi. Sauti yake imenirudisha mbali sana, nikaona niandike.

Yote haya yalinipata mimi. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini pale nilipofanya ubaya nimeuacha ulivyo.

Ni habari za mwaka tisini na sita hadi tisini na nane, kule Diani.

Mama yangu alitoka Makueni akaja pwani kufanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja ya Galu. Alinilea Ukunda. Nyumbani alinisemesha Kikamba, mtaani nikasema Kiswahili cha pale, na Jumapili asubuhi nikaimba teno katika kwaya ya kanisa tangu nikiwa na miaka tisa. Hilo la teno naomba mlikumbuke.

Nilipomaliza kidato cha nne tukaunda kundi. Zile zilikuwa siku za boy band, mnakumbuka wenyewe. Vijana wa ng'ambo wanne watano, nguo za aina moja, wanageuka pamoja, wanashika kifua pamoja. Na sisi tukasema tunaweza.

Tulijiita Galu Five. Tulikuwa wanne.

Wa tano alikuwa Rama. Babake alimkataza siku ya tatu tu, lakini jina lilikuwa limeshachapishwa kwenye fulana. Mtu akiuliza wa tano yuko wapi, tulimjibu kwamba yuko studio.

Kiongozi wetu alikuwa Sele, Mdigo wa Kikoneni, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti ya kwanza. Mimi nilikuwa sauti ya pili, na pia ndiye niliyekuwa na ule mzunguko wa kisigino mwisho wa wimbo, ambao wasichana waliupigia kelele. Wale wawili wengine walikuwa wachezaji wazuri, na kwenye kuimba tuwasamehe.

Wakuu, tulikuwa maarufu. Najua mtacheka. Lakini kinyozi mmoja wa Ukunda alichora vichwa vyetu vinne ukutani pale nje, akaandika majina. Tulipopita Msambweni siku ya tamasha la shule, walimu walituomba tuingie kwa mlango wa nyuma ili masomo yasivurugike. Mwanafunzi mmoja alinikabidhi daftari lake la hesabu nilitie sahihi, nami nikatia kwa fahari kana kwamba ni hati ya shamba.

Nyimbo nyingi tuliiga. Wetu wenyewe ulikuwa mmoja tu, Sele aliutunga, ukiitwa Njoo Galu. Huo ndio uliotupa kazi.

Kila Jumapili saa kumi, wageni wakinywa chai kando ya bwawa, tuliuimba pale hotelini alikofua mama, kwa kaseti ya biti. Na utaratibu wa pale ulikuwa hivi: tukifika kiitikio, wahudumu wanaitikia wakiwa na trei zao mikononi, wapishi wanatoka jikoni wanaitikia, hata mtu wa bustani anaacha mpira wa maji. Wageni wakiona wafanyakazi wote wanaimba, nao wanainuka kucheza. Bila hao wahudumu hakuna shoo. Unabaki mtu amesimama kando ya maji anapiga kelele.

Kisha zikaja zile vurugu za tisini na saba. Sitazieleza, waliokuwepo wanajua. Wageni wakakatika. Hoteli nyingine zikafunga milango, yetu ikabaki na bawa moja tu lenye watu.

Mapema mwaka uliofuata, meneja wa burudani akatuita. Alikuwa Mtaita mmoja mrefu, tulimwita Coach.

"Vijana, siwezi kubeba wanne," akasema. "Nabeba mmoja. Jumapili tatu za majaribio, nikiridhika anaajiriwa. Nani?"

Siku hiyo Sele hakuwepo. Alikuwa Kikoneni, wanamzika nyanyake.

Nikainua mkono.

Wakuu, sikusitasita hata kidogo. Mama alikuwa ameshaniambia kwamba muziki usiponipa kazi ya kueleweka kufikia Pasaka, nitapanda basi kwenda Wote kwa mjomba, nikasimamie kinu chake cha kusaga mahindi. Niliuona ule unga kwenye nyusi zangu. Halafu, tuseme ukweli, nilikuwa nimeamini kwamba Galu Five ni mimi. Kelele si zilikuwa za mzunguko wangu?

Sele aliporudi kutoka matangani alikuja mpaka kwetu. Hakuketi.

"Nasikia uliinua mkono."

"Coach aliuliza nani, mimi nikajibu."

"Aliuliza nikiwa makaburini, Daudi."

Alinitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Haya, imba. Ila wewe ndugu yangu hujawahi kuanza wimbo hata mmoja maishani mwako."

Nikajiambia huo ni wivu.

Jumapili ya kwanza nilivaa suruali nyeupe, Coach akaweka kaseti, nikaimba Njoo Galu kwa moyo wote. Nikafika kiitikio, nikanyoosha mkono kwa wahudumu.

Kimya.

Wamesimama na trei zao, wananitazama kama mtu aliyewasalimia kwa lugha ya kigeni. Mmoja alifungua mdomo akaufunga. Wageni wakapiga makofi mawili matatu ya adabu, wakarudi kwenye chai yao. Hata ule mzunguko wa kisigino niliuzunguka peke yangu.

Baadaye mhudumu mmoja, Mgiriama mwenye maneno mengi aitwaye Katana, akanivuta nyuma ya jikoni.

"Bwana Daudi, ule wimbo wetu umeuficha wapi?"

"Si ndio nimeimba?"

"Huo? Haya, hebu uimbe tena hapa."

Nikaimba. Katana akasikiliza mstari mmoja, halafu naye akaanza kuimba juu yangu. Tukapatana vizuri ajabu, kama siku zote. Nikatabasamu. Katana akanyamaza ghafla, akashika tumbo, akacheka mpaka akaegemea friza.

"Jamani! Njooni mumwone huyu! Katuletea mchuzi, wali kauacha kwa Sele!"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikuwa nimeimba sauti ya pili, ile ya chini, ya kuegemea. Miaka yote kanisani teno, miaka miwili kwenye kundi sauti ya pili, na kwangu mimi huo ndio uliokuwa wimbo. Ile ya Sele niliijua kama unavyojua nyumba ya jirani: unaipita kila siku, lakini ukiambiwa uingie gizani hujui kitanda kiko wapi.

Mtasema si uimbe tu ya juu, kuna nini? Nilijaribu. Wiki nzima nilijaribu, chooni, njiani, ufukweni. Naanza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, kisha koo linateleza lenyewe na kurudi kule lilikozoea. Nilikuwa sisikii hata linapoteleza.

Jumapili ya pili niliteleza katikati ya kiitikio, mbele ya watu, na wapishi wakacheka mpaka Coach akawafukuza.

"Imebaki moja," akaniambia akifunga spika. "Na yule bwana anayechezesha nyoka mbele ya wageni anaiomba nafasi yako. Nyoka wake hawatelezi sauti."

Jioni hiyo mama alikuwa anapiga pasi, hakuinua macho. "Mjomba wako ameuliza utafika lini."

Jumanne asubuhi nikaenda Shimoni.

Nilikuwa nimesikia Sele amepata kazi pale wanaposhusha samaki, ya kupasua barafu na kupanga makreti. Nilimkuta na nyundo mkononi, suruali imekunjwa magotini. Kando yake mama mmoja alikuwa anapanga pweza kwenye beseni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Sele hakuniitikia.

"Nilikutegemea jana," akasema, akaendelea kupasua.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote. Nikasema lililobaki.

"Niliinua mkono nikijua uko msibani. Ningeweza kumwambia Coach akungoje siku mbili. Nilifanya vibaya, Sele. Nisamehe."

Nyundo ikasimama.

"Umekuja kuomba radhi au umekuja kutafuta wimbo?"

"Yote mawili."

Yule mama wa pweza akacheka. "Angalau hasemi uongo."

Sele akafuta mikono. "Nikirudi kwa Coach pamoja nawe, utamwambia nini?"

"Nitamwambia nafasi ni yako."

Na nilimaanisha, wakuu. Kinu cha mjomba nilishakikubali pale pale nilipomwona amelowa vile.

Akasema, "Mwezi uliopita ningeichukua. Sasa nimeposa. Wazee wa msichana wameniuliza kazi yangu, nikasema samaki, wakaridhika. Ningesema naimba kwa wazungu, wangeniuliza wazungu wako wapi. Basi kaa hapo, imba."

Akaniimbia sauti ya kwanza nimfuate. Nikaanza naye, na kabla ya mstari kwisha nilikuwa nimeshashuka chini yake, mahali pangu pa siku zote. Tukarudia, nikashuka tena. Mara nne.

"Mwanangu," akasema mama wa pweza, "kila mara unakimbilia chini. Kuna nini huko chini?"

Sele akapiga paja. "Kosa langu! Mimi nikikaa juu, wewe utanifuata chini mpaka kiyama. Ngoja. Nipe ya kwako mimi niimbe. Nafasi ikiwa na mtu, utaenda wapi?"

Nikamfundisha sauti ya pili. Ikachukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Sele, mwimbaji bora niliyepata kumjua, alikuwa anapotea kama mgeni kwenye soko la Kongowea. Akishika noti mbili, ya tatu inampeleka juu kwenye nyumba yake. Nikawa namkemea: "Shuka! Usinifuate! Nisikilize mimi, lakini usinifuate!"

Halafu tukaimba pamoja.

Koo langu likaenda chini kama kawaida, likakuta Sele amekaa pale, tena kakaa vibaya, anagongana nami. Likatafuta pa kwenda. Hakukuwa na pengine ila juu.

Nikapanda. Nikafika kiitikio nikiwa bado juu, naogopa hata kupumua. Yule mama akaacha pweza wake akaitikia. Waliokuwa wakipima samaki wakaitikia. Nikamaliza wimbo mzima, mara yangu ya kwanza, nimesimama kwenye maji ya barafu.

Sele hakunipongeza. Alikuwa ameshika kiuno, ananitazama.

"Kwa hivyo kazi ndiyo hii," akasema polepole. "Unasikiliza watu wote watatu, unajaza mashimo yao, huku unacheza. Miaka miwili mimi nilidhani unanisindikiza tu."

Wakuu, sijalipwa malipo mazuri kuliko maneno hayo tangu siku hiyo.

Tuliimba mpaka barafu ikataka kuyeyuka na msimamizi akatufokea.

Jumapili ya tatu Sele hakuja, alikuwa kazini. Coach akaweka kaseti. Nilifumba macho, nikamweka Sele kichwani, pale chini, akiimba ile sauti ya pili yake mbovu, nikapanda juu yake kama mtu anayepanda ngazi.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Nikanyoosha mkono.

Katana alikuwa wa kwanza, na trei ya vikombe juu ya bega. Kisha jikoni. Kisha mtu wa bustani. Bibi mmoja Mjerumani akainuka na kofia yake, akamshika mkono yule wa bustani, wakacheza na viatu vya mpira hivyo hivyo. Mzunguko wa kisigino niliusahau kabisa, na hakuna aliyeuliza.

Coach alikwenda kwenye ubao wa ratiba, akaandika jina langu kwenye Jumapili zote za mwezi.

Nikazunguka nyuma kwa dobi. Mama alikuwa anakunja shuka na mwenzake, kila mmoja na ncha zake, na alikuwa anauimba ule wimbo kwa sauti ndogo. Sauti ya kwanza, bila kukosea.

"Mjomba wako nitampigia kesho," akasema. "Shika ncha hiyo, mwenzangu anataka kwenda kunywa chai."

Basi. Niliimba solo miaka kumi na moja. Diani, Malindi, Unguja, kidogo Dar. Wimbo wangu mmoja ulipigwa redioni, huenda wengine wenu mlioa ukipigwa harusini bila kujua ni wa nani. Halafu miguu ikaniwasha, nikaanza kazi nyingine na safari nyingine, na sijutii. Sele ana wajukuu sasa. Nikipita Shimoni huwa tunaimba, na tunabadilishana sauti.

Nilichojifunza ni hiki. Kutoka kwenye kundi si dhambi, na kutaka kusimama peke yako si kiburi. Lakini kabla hujatoka, mwombe aliyekuwa mbele akuoneshe njia ya huko mbele, na umwoneshe ulichokuwa ukifanya nyuma. Mimi nilikwenda kumwomba nikiwa nimeshamkosea, na bado akanipokea. Si kila mtu atapata Sele.

Haya wakuu, nawasikiliza. Aliyewahi kuwa wa nyuma, kwenye bendi, kwaya, hata ofisini, siku alipopelekwa mbele koo lilimfanya nini? Na wa Ukunda mliopita kwa yule kinyozi, semeni kweli: mimi nilikuwa kichwa cha ngapi?